Kivuli cha Simbilisi

Nyumba yetu ya vyumba viwili, Mji wa Kale, Mombasa, haina nafasi ya ziada. Binti yangu alipozawadiwa simbilisi wawili, vinyama mfano wa sungura, tulijiuliza: tundu liwekwe wapi? Roshani hupigwa na jua, na joto lipitalo nyuzi 30 laweza kuwaua. Jikoni kuna moshi. Mlangoni, paka wa mtaa. Ikabaki pembe moja yenye kivuli na upepo, ile ya cherehani yangu iniletayo riziki. Nikatafakari: mimi naweza kuhamisha kiti nikafuata kivuli, kiumbe aliyefungiwa hawezi. Amfungiaye amebeba amana ya kivuli chake. Cherehani ikahamia ukumbini. Adhuhuri nashona huku natoka jasho, nao wamelala.