Safari ya Kancamagus

Huko New Hampshire, Marekani, mwezi wa Oktoba ni wa baridi. Lakini Jumamosi moja jua liliwaka kama la kiangazi, nasi rafiki wanne tukapanda pikipiki zetu. Toka Lincoln hata Conway yapata kilometa 56, wala hapana petroli njiani, basi tulijaza kwanza. Kileleni, karibu mita 870, miti ilikuwa myekundu kama makaa. Lo, uzuri ule! Lakini majani yaliyoanguka huteleza, na penye kona tulikwenda polepole.

Kijana wetu alitaka tungoje machweo. Mkubwa wetu akakataa, maana jioni hutoka mwituni kulungu wakubwa waitwao musi, weusi-weusi, warefu kuliko farasi, nao hawaonekani upesi kwa taa. Tukashuka. Kijana alinuna, hata baridi ilipotuingia vidoleni, hakunena tena habari ya machweo.