Sogea Tukae



Wapendwa waamini, juma lililopita tulimzika mmoja wa wanajumuiya wetu, mkata miwa aliyefika hapa Ruaha kwa msimu mmoja akabaki miaka 18. Wasifu wake uliposomwa tulisikia kwamba ameacha watoto wanne. Mama yao hakutajwa. Alikuwa ameketi mkekani, nyuma, pamoja na majirani. Sisi tulijua, tukanyamaza.

Lugha yetu ina majina mengi kwa watu hawa. Wazee husema "wamewekana kinyumba". Vijana husema "sogea tukae", na ndivyo inavyoanza kweli: mmoja ana chumba, mwingine ana sufuria. Mwanamume mwenye adabu humwita mwenzake "mama watoto". Siku akifa, ndugu zake huleta neno jingine, "hawara", na neno hilo laweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Twakiri kwamba sisi wenyewe tumelitamka lile la "sogea tukae" mimbarini, watu wakacheka. Mama huyo alikuwapo.

Wengi husema, "Miaka miwili imetimia, basi tumeoana." Sivyo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chasema kwamba waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana. Dhana hiyo yaweza kukanushwa kwa ushahidi. Hata ikikanushwa, mama aweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Mbele ya Kanisa hiyo si Sakramenti. Lakini ni mahali pa kusimama.

Kwa nini hawakufunga ndoa? Jibu lilikuwa moja daima: "Baba Paroko, tukimaliza mahari." Kisha ingefuata kamati, ukumbi, gauni. Hayati Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alikiri kwamba umaskini huwasukuma watu katika maisha ya namna hii. Kanisa hudai mhudumu wake na mashahidi wawili, ukumbi haumo.

Jumatatu mama alifika ofisini, akauliza, "Baba, kwenye vitabu vya parokia mmeniandika nani?" Tukafungua kitabu cha ubatizo. Jina lake limo mara nne, kando ya jina la marehemu. Penye ndoa ya wazazi tulikuwa tumepiga mstari kwa kalamu yetu wenyewe. Tumemwandikia vyeti vyote vinne, avipeleke mahakamani.