Samaki Wanaopatana na Samaki Wasiopatana

Sisi watu wa pwani ya Tanganika tunamjua samaki kwa namna moja tu: samaki aliyekufa. Tunamjua ndagala juu ya mchanga akianikwa, tunamjua mukeke juu ya moto, tunamjua sangala katika beseni la mama anayeuza sokoni. Lakini umwulize mtoto wa Kalemie: "Samaki huyu akiwa mzima anakaa wapi? Anakula nini? Anamwogopa nani?" Atakutazama tu. Hata mimi, mwalimu wa sayansi, nilikuwa vile vile miaka mingi, ingawa nilizaliwa hatua mia mbili toka majini. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza, na jinsi ujinga wangu ulivyomtia mtoto mmoja aibu asiyostahili.

Mwaka 2015 tulipata vioo vinene vya duka moja lililofungwa. Direkta akaniruhusu kutengeneza sanduku la kioo la kufugia samaki katika kalasi ya sayansi. Fundi akaviunga vioo kwa gundi ya silikoni. Sanduku likawa na urefu wa meta 2, upana wa sentimeta 60, na kimo cha sentimeta 50. Hesabuni wenyewe: ni lita 600. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 600, kwa hiyo tulijenga kwanza meza ya matofali na saruji. Mtu akiweka sanduku la namna hii juu ya meza ya mbao ya chakula, ataokota vioo na samaki pamoja.

Maji tuliyachota ziwani. Yafaa mjue kwamba maji ya Tanganika si sawa na maji ya mito ya msituni. Ni maji magumu, yana madini ya mawe ndani yake. Wenye kuyapima kwa kipimo kiitwacho pH huona hesabu kati ya 8.6 na 9.2, na maji yasiyo na uchachu wala magadi ni 7. Joto lake karibu na uso ni kama digrii 25 hata 27. Samaki wetu wamezoea maji hayo tangu zamani sana, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Samaki wa mito ya msitu wa Kongo wamezoea maji laini yenye uchachu. Ukiwatia wote katika sanduku moja, wamoja watateseka kwa ajili ya wengine. Basi hiyo ndiyo sheria ya kwanza: wanaokaa pamoja sharti wawe watu wa maji mamoja.

Sheria hiyo niliishika. Hata kungoja nilingoja. Mkojo na mavi ya samaki hutoa sumu iitwayo amonia, na katika maji yenye magadi kama yetu sumu hiyo ni kali zaidi. Vipo vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa katika changarawe na katika chujio, navyo huigeuza amonia kuwa kitu kisicho na hatari kubwa. Lakini vidudu hivyo huhitaji kama majuma manne hata sita kuongezeka. Kwa hiyo tuliweka samaki wachache sana kwanza, tukangoja majuma sita. Nilijiona mwenye busara. Nilifikiri kazi imekwisha.

Baada ya hapo nilikwenda kwa wavuvi nikawaomba wanikamatie samaki wazuri wa majabali, wakiwa wazima. Neno langu lilikuwa hilo tu: "wazuri". Wakaniletea. Palikuwa na samaki wembamba wa fedha, wakubwa kama kidole, ambao wataalamu huwaita Cyprichromis. Hao huogelea kundi zima katikati ya maji. Palikuwa na sita wenye rangi ya makaa na mkanda wa manjano, waitwao Tropheus. Palikuwa na wawili wenye milia na kinundu katika paji la uso, wenye urefu wa kiganja, ambao wafugaji wa Ulaya huwaita frontosa. Na palikuwa na wawili wa kijivu ambao sikuwajua jina. Niliwatia wote. Watoto walipiga makofi. Wazazi walikuja kutazama, na mimi nilisimama kando ya kioo kama mtu aliyewaumba.

Ufunguo wa kalasi niliukabidhi kwa mwanafunzi mmoja wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa mgeni kwetu. Wazazi wake walikimbia vita vya bara, naye alikaa kwa bibi yake karibu na masomo. Alikuwa mtoto wa kunyamaza. Kila asubuhi alifungua mlango, akafuta kioo, akawapa samaki chakula kidogo.

Haukupita mwezi, mambo yakaharibika. Samaki wa fedha walikuwa thelathini. Wakawa ishirini na sita, halafu ishirini, halafu kumi na nne. Hapakuwa na mzoga hata mmoja. Wengine walikuwa na madonda ubavuni, magamba yamebanduka. Kisha Tropheus wakaanza kuvimba tumbo, wakaacha kula, wakajificha pembeni, wakafa mmoja mmoja.

Nani alikuwa na ufunguo? Nani aliingia peke yake asubuhi? Watoto walianza kunong'ona kwamba yule mgeni anakwenda kuwakaanga nyumbani kwa bibi yake, na kwamba amefuta kioo kwa sabuni ili kuua waliobaki. Na mimi, mtu mzima, sikuuliza neno hata moja. Nilimsimamisha mbele ya kalasi, nikamnyang'anya ufunguo, nikasema mezali ile tunayoijua wote: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Watoto walicheka. Yeye alitazama chini, akarudi mahali pake.

Ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Na samaki wakaendelea kupungua.

Hapo ndipo nilipoanza kuona haya. Usiku mmoja nilichukua taa na kiti, nikakaa kalasini mpaka alfajiri. Samaki wa fedha walikuwa wametulia katika giza, kama wamelala. Mwanga ulipoanza kidogo sana dirishani, yule mwenye kinundu alitoka mahali pake polepole, bila haraka, kama mzee anayekwenda shambani. Alifungua kinywa mara moja, na samaki mmoja wa fedha hakuwapo tena. Hakuna damu, hakuna kelele. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo afanyavyo ziwani pia: huwavizia hao wadogo wakati wa giza. Wala hana ubaya. Hicho ndicho chakula chake.

Asubuhi nilimwita mvuvi mmoja mzee aje atazame. Alivua kofia, akainama mbele ya kioo, akawaonyesha wale wawili wa kijivu.

"Mwalimu, hawa nani aliwatia humu?"

"Mimi, Mzee."

"Hawa si wezi wa nyama. Hawa ni wezi wa magamba. Tukiwapasua tumbo hatuoni kitu kingine, ni magamba ya wenzao tu."

Alisema kweli. Jina lao katika vitabu ni Perissodus. Kinywa chao kimepinda, kwa wengine upande wa kuume, kwa wengine upande wa kushoto, ili waruke toka nyuma na kunyakua magamba ubavuni mwa mwenzao. Mtaalamu mmoja wa Japani, Michio Hori, aliandika mwaka 1993 jambo la kushangaza juu yao. Wenye kinywa cha kuume wakizidi, samaki wengine hujifunza kulinda ubavu ule unaoshambuliwa sana, na wenye kinywa cha kushoto hupata nafasi. Kwa hiyo pande mbili hizo hukaribia kulingana siku zote. Ziwani samaki aliyenyakuliwa magamba hukimbia mbali. Katika meta 2 za kioo atakimbilia wapi?

Na Tropheus je? Hao niliwaua kwa mkono wangu mwenyewe. Tropheus hula uotomwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu sana kwa ajili ya majani. Mimi, Jumapili nyuma ya Misa, niliwaletea moyo wa ng'ombe uliokatwakatwa, kama zawadi. Walikula kwa furaha, wakavimba. Tena walikuwa sita tu. Samaki hao ni wakali wao kwa wao. Wakiwa wachache, mwenye nguvu humwandama mnyonge mpaka afe. Sharti wawe kumi na wawili au zaidi, ili ukali ugawanyike na pasiwe na mmoja anayeubeba wote.

Basi sababu zilikuwa tatu, na zote tatu zilitoka kwangu.

Siku ile ile nilisimama mahali pale pale nilipomsimamisha mtoto. Nikawaeleza wanafunzi yote: kinundu, magamba, moyo wa ng'ombe. Nikamwambia yule kijana mbele yao: "Nilikukosea. Hukuiba, hukuua. Nisamehe." Nikamnyoshea ufunguo. Hakuupokea. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, mimi nilimwona. Asubuhi moja nilifungua mlango mapema, nikaona yule mkubwa anameza. Niliogopa kukuambia, maana ni wewe uliyewaleta."

Wasomaji wapenzi, neno hilo liliniingia kuliko adhabu yoyote. Mtoto alijua tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimejenga kalasi ambayo mgeni haogopi samaki, anamwogopa mwalimu. Alikubali ufunguo baada ya juma moja, si siku ile.

Tulianza upya, safari hii pamoja naye. Wenye kinundu tuliwarudisha kwa mvuvi, na wezi wa magamba vile vile. Halafu kabla ya kumpokea samaki yeyote, kalasi nzima iliuliza maswali matano, nami nawapa ninyi kama tulivyoyaandika ubaoni.

La kwanza: amezoea maji gani? La pili: akikomaa atakuwa mkubwa kadiri gani, na kinywa chake kitafunguka kadiri gani? Usipime samaki alivyo leo. Frontosa mdogo ni mzuri kama mtoto wa paka, lakini atapita sentimeta 30. Yeyote anayeingia kinywani mwa mwenzake, siku moja ataingia. La tatu: anakula nini? Mla majani na mla nyama wakikaa pamoja, chakula cha mmoja ni ugonjwa wa mwingine. La nne: anakaa wapi, juu, mchangani au katika mawe? Wanaogombania mahali pamoja hupigana. Wenye mahali mbalimbali hupatana. La tano: anapenda kuishi vipi, peke yake, wawili wawili, au kundi?

Kadiri ya majibu hayo tukachagua. Katikati ya maji tukaweka Cyprichromis ishirini, kundi la amani. Upande mmoja tukajenga lundo la mawe yenye nyufa, tukaweka jozi moja ya Julidochromis, samaki wembamba wenye mistari, ambao dume na jike hulinda ufa wao pamoja. Upande wa pili tukaacha mchanga mtupu, tukatawanya makombe thelathini ya konokono wakubwa wa ziwa. Humo tukatia vijisamaki ambavyo nyumba yao ni kombe: kila kimoja huingia chake, hufukua mchanga kuzunguka mlango, na hutaga humo. Kati ya mawe na makombe tukaacha nafasi wazi ya meta moja, iwe mpaka. Wote hao hula wadudu wadogo wa majini, kwa hiyo chakula ni kimoja.

Kijana aliniuliza siku moja: "Mwalimu, tukiwachoka, tutawatupa ziwani?" Nikamwambia hapana. Samaki aliyekaa kwa watu aweza kurudi na ugonjwa. Na samaki wa maji ya kigeni ni hatari zaidi. Watu wa Bukavu wanakula sambaza, ambao ni ndagala wa Tanganika waliopelekwa Kivu karibu na mwaka 1959, nao wamelisha watu wengi. Lakini katika ziwa Viktoria, sangara aliyetiwa miaka ya 1950 alimaliza aina nyingi sana za samaki wadogo wa pale. Mtu hajui mbele ni lipi kati ya haya mawili litakalompata. Yafaa basi asijaribu.

Samaki wengine walikufa hata baadaye. Umeme ulipokatika siku mbili, pompi ya hewa ilisimama, tukapoteza saba wa fedha. Julidochromis waliwafukuza watoto wao wenyewe walipokua. Mambo hayo yapo. Lakini mwaka uliofuata tuliona asubuhi moja vitoto vidogo kama punje za mtama vikitoka katika kombe, na aliyeviona wa kwanza ni mwenye ufunguo. Safari hii alikuja mbio kuniambia.

Nanyi mnaotaka kufuga, anzeni polepole. Pateni sanduku kubwa kuliko mnavyofikiri, na samaki wachache kuliko mnavyotamani. Ulizeni wavuvi wazee. Wanajua mengi yasiyo katika vitabu. Na samaki wakianza kufa, kabla ya kutafuta mwenye kosa, kaeni usiku mmoja na taa mbele ya kioo.