Kulala kwa zamu

Najua wengi mko bize na tesiti, ila hili limenikaa kichwani tangu nilisome kule vimbwetani, acha nilitoe.

Mnavijua vihisio? Ni vidude vidogo, kila kimoja na betri yake, kipimo cha joto au unyevu, na redio ya kurusha taarifa. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitega 32 kwenye kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, vingine ndani kabisa ya mashimo wanamotagia ndege wa baharini. Ndege wale hawataki bughudha, ukiwasumbua wanaweza kususa kiota. Sasa fikiria: kidude kinatumia betri mbili za AA, kama hizi za rimoti, na huwezi kwenda kuzibadilisha hovyo msimu wa kutaga. Unafanyaje?

Unakilaza. Kinaamka, kinapima, kinarusha, kinalala tena. Maana mla betri mkubwa ni redio, na hata ikiwa inasikiliza tu kimya bado inakula.

Lakini vikilala vyote, eneo linaangaliwa na nani? Hapo ndipo utamu ulipo. Chora duara kuzunguka kila kihisio, lile eneo kinaloweza kuhisi. Kama duara la kimoja limefunikwa lote na maduara ya majirani, hicho kilale, baadaye vipokezane. Viwili vinavyoona sehemu ileile vikipeana zamu, sehemu hiyo inalindwa karibu mara mbili ya muda. Na redio zikifika angalau mara mbili ya umbali wa kuhisi, eneo likifunikwa bila tundu, basi vilivyo macho vina uhakika wa kuwasiliana.

Shida ni mzigo wa kubeba taarifa za wenzako. Anayezibeba ndiye anayezimika kwanza, na akizimika, walio nyuma yake hawasikiki hata kama betri zao zimejaa. Mwaka 2000 Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT walitoa utaratibu uitwao LEACH: vihisio vinajigawa makundi, kiongozi anakusanya taarifa za kundi na kuzirusha mbali, na uongozi unazunguka. Ukishaongoza, unasubiri wenzako nao waongoze.

Jamani, sisi walimu watarajiwa si tunalijua hili? Mwalimu wa zamu! Ratiba ipo ukutani, lakini angalia mzigo wenyewe. Yule mchapakazi anapewa taaluma, mitihani, michezo, na bado Fizikia ya madarasa manne ni yake. Tunamsifia, "huyu jembe!" Akichoka akaacha kazi, tunasema hakuwa na wito, na watoto wa madarasa manne wanabaki bila mwalimu.

Kwangu mimi hilo si suala la wito, ni la mpangilio. Siku nikipangiwa shule, nitaisoma ile ratiba nione nani anapumzika lini.

Nawasilisha.