Ramani ya mtumba yamfikisha bibi mahame

Msomaji wangu, kuna vitu unanunua kwa kupita tu, halafu vinakutoa machozi. Mimi nilinunua ramani.

Ilikuwa kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar. Karatasi mbili kuukuu, moja ya Nachingwea na moja ya Ruangwa, zimeungwa kwa selotepu. Zilichorwa zamani hizo, Ruangwa bado haijafanywa wilaya mwaka 1995. Reli ya mpango wa karanga wa Waingereza, iliyofungwa 1962, imo. Vilima vimezungushiwa mistari ya kahawia, mito ni ya buluu, na sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ardhini. Nikasema hii naitundika geto, washikaji wapaone kwetu!

Likizo nikaenda nayo Ruangwa kwa bibi. Bibi hajui kusoma. Nikaanza kumsomea majina ya vijiji, utani tu. La kwanza, la pili... la tatu akalitaja yeye kabla yangu. Kisha akanyamaza.

"Mjukuu wangu, hapo ndipo tulipohamishwa."

Ilikuwa 1974, Operesheni Vijiji. Waliambiwa wafungashe, lori linakuja. Babu alikuwa amezikwa kule miezi michache tu nyuma. Tangu siku hiyo bibi hajaliona lile kaburi. Pori lilimeza njia, na vijana wa kijijini hata hilo jina hawalijui. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui lolote!

"Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya chemchem," akasema. Nikatafuta. Kweli bwana, kijimstari cha buluu kinaanzia ubavuni mwa kilima.

Kesho yake tukakodi pikipiki mbili. Ramani ikatufikisha kwenye kijito, basi, maana makaburi haikuyachora. Chemchem imebaki tope. Kuanzia hapo aliyeongoza ni bibi na fimbo yake, moja kwa moja hadi kwenye miembe mitatu mikubwa. Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani huku akizungumza na babu kwa Kimwera. Nilikuwa nadaka neno mojamoja tu. Niliona aibu, sikufichi.

Ramani haikurudi geto. Iko kwa bibi, chini ya godoro.

Na wewe, bibi yako kwao hasa ni wapi? Muulize wiki hii, usingoje msiba.