Barua Tuliyoikataa na Udhu wa Mzee Muadhini

Katika jalada la kamati ya msikiti wetu hapa Ipililo, wilayani Maswa, mkoani Simiyu, imo nakala ya barua ambayo kila tunapoifungua uso hutusawijika. Kwa lugha haina kasoro. Huenda ni miongoni mwa barua nzuri zaidi zilizotoka katika kalamu yetu tangu tukabidhiwe ukatibu: imeanza kwa Bismillahi, zikafuata salamu, kisha shukrani kwa muombaji kwa kuiamini kamati, na mwisho dua ya kumtakia taufiki. Katikati yake, baada ya mapambo hayo yote, yamo maneno manne: ombi lako halikupata kibali.

Muombaji alikuwa binti wa jirani yetu. Tulimsomesha Juzuu Amma chini ya mwembe alipokuwa mdogo, nasi wakati huo tulikuwa vijana wa kusaidia madrasa nyakati za likizo. Alikua, akasoma, akapata shahada ya kwanza ya ualimu wa sayansi, akarudi kufundisha biolojia kwa muda katika shule ya binafsi. Kwa macho ya watu wa hapa safari yake ilikuwa imekwisha, na baba yake alikwisha kuanza kusikiliza posa.

Nyumbani kwao yupo mdogo wake wa kiume aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Kwa miaka saba mtoto huyo aliishi amelazwa juu ya jamvi barazani, akilishwa uji hali amelala chali, akipaliwa mara kwa mara. Dada yake, akiwa angali chuoni, alimchukua likizo moja hadi hospitali kubwa ya rufaa. Huko akakutana na mtaalamu aliyemtengenezea mtoto kiti kwa maboksi na makaratasi, yaliyogandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano, kikakauka kikawa kigumu kama ubao, chenye kingo za kuushika mgongo na nyonga visilegee. Kisha akauzungushia mpini wa kijiko tyubu kuukuu ya baiskeli ili unenepe, kiganja kipate kuukamata. Mtoto alirudi Ipililo akala ubwabwa mwenyewe, ameketi, mbele ya wageni. Nusu iliingia kinywani na nusu ikawa riziki ya kuku, lakini mama yake alilia.

Kazi ya mtaalamu yule huitwa tiba kwa vitendo. Wengi huichanganya na fiziotherapia, nasi tuliichanganya. Tofauti yake, kama tulivyokuja kuielewa, ni hii: wa fiziotherapia huushughulikia mkono upate nguvu na uweze kukunjika, wa tiba kwa vitendo huuliza mkono ule ulikuwa ukifanya kazi gani, kisha hutafuta namna kazi ile ifanyike tena, ama kwa kumfundisha mgonjwa njia nyingine, ama kwa kukibadilisha kifaa, ama kwa kuibadilisha nyumba. Fani hii ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917, na vita vya dunia vya wakati ule viliikuza haraka, maana askari walirejea makwao na viungo pungufu na akili zilizotikisika. Shirikisho lake la dunia likaundwa mwaka 1952. Nasi mpaka barua ile ilipotufikia hatukuwa tumelisikia hata jina lake.

Binti aliitaka kazi hiyo, na katika kurasa tatu alizotuandikia alieleza njia zake bila kuficha ugumu. Katika nchi kama Uingereza, mtu mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kusoma shahada ya uzamili ya miaka miwili na akatoka humo mtaalamu kamili. Marekani nako mlango wa kuingilia ni uzamili au zaidi. Alikwisha kutafuta nafasi huko, akapiga hesabu ya ada ya mwanafunzi mgeni, akafunga daftari. Mkopo wa benki aliuweka kando kwa sababu ya riba, na kwa hilo tulimsifu sana kikaoni, kana kwamba sifa hulipa ada. Mlango uliobaki karibu naye ulikuwa wa kuanzia chini: stashahada ya miaka mitatu katika chuo cha KCMC, Moshi. Yaani mwalimu mwenye shahada akakae dawati moja na vijana aliotoka kuwafundisha. Alikuwa radhi. Aliomba kamati imsaidie ada ya mwaka wa kwanza tu.

Kikao kile kilichukua muda mrefu kuliko kawaida. Mjumbe mmoja aliuliza ni mtu gani apandaye ngazi kwa kushuka. Mwingine akasema mfuko wetu wa elimu, ambao siku ile ulikuwa na shilingi 460,000, uliwekwa kwa ajili ya watoto ambao hawajaonja hata kidato cha kwanza. Na hoja hiyo, tukiwa waadilifu, ilikuwa na uzito. La tatu ndilo lililoamua. Moshi ni mbali, binti hajaolewa, na hospitali ile, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mikononi mwa wenzetu Wakristo. Mjumbe aliyelisema hilo kwa ukali zaidi alikuwa amevaa miwani aliyopimiwa katika hospitali ya misheni. Hakuna aliyemkumbusha.

Wala sisi hatukumkumbusha, na hapa ndipo penye deni letu. Wajumbe wenzetu ni wakulima wa pamba na wafanyabiashara, hawakusoma tuliyoyasoma. Sisi tulikalishwa chuoni miaka mingi, tukafundishwa kwamba utabibu ni katika faradhi za kutoshelezana, ambazo mji mzima hupata dhambi ukikosa wa kuzisimamia. Tulisoma jinsi Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alivyowalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika fikihi huku miji mingine ikiwa haina tabibu ila asiyekuwa Muislamu. Tulilijibia swali hilo katika mtihani, tukapata alama nzuri. Lakini kikaoni tulinyamaza, tukachukua karatasi, tukaandika barua safi.

Mama yake binti aliuza ng'ombe wawili, mjomba akaongeza magunia ya choroko, na binti akapanda basi la kwenda Moshi bila ya kutuaga. Hatukumlaumu.

Mwaka wa pili wa masomo yake, wiki mbili kabla ya Ramadhani, mzee wetu muadhini alianguka akitoka shambani. Kiharusi. Wengi wa rika letu hawajapata kuisikia adhana ya hapa kwa sauti nyingine. Alitibiwa, akapona kwa kadiri alivyopona, akarudishwa nyumbani akiwa na ulimi mzima na upande wa kushoto uliolegea. Kamati ilimpelekea sukari, mchele na fedha. Tulimsomea dua. Ramadhani ikapita, Iddi ikapita, pamba ikavunwa ikauzwa, naye hakutoka nje ya ua wake. Tulipomtembelea alitazama ukuta. Tulisema miongoni mwetu kwamba mzee amekata tamaa, tukamuombea subira. Nasi tulikuwa wepesi sana wa kuwaombea wengine subira.

Likizo ya mwaka ilipofika, binti alirejea. Siku ya pili alikwenda kwa mzee pamoja na mama yake, nasi tulikuwapo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeniletea dawa za Moshi?"

"Sikuleta dawa, babu. Nimekuja kuuliza. Katika mambo yote uliyokuwa ukiyafanya, lipi linakuuma zaidi kulikosa?"

Sote tulidhani atasema adhana. Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Kutawadha. Bibi yako ananitawadhisha kama maiti, nami ningali hai."

Tulikuwa tumekwenda kwake zaidi ya mara ishirini. Hatukuwahi kumuuliza swali lile.

Binti hakumhurumia kwa maneno. Alimwomba ajaribu kutawadha mbele yetu kwa namna yoyote awezayo, akakaa pembeni na daftari. Mzee aliketi kwenye kigoda kifupi, akainama kulifuata birika, mwili ukalalia kushoto, maji yakamwagika, mjukuu wake wa kiume akamdaka. Binti alichukua kamba akampa kijana apime urefu wa goti la mzee tangu sakafuni, na upana wa mlango wa msalani. Wapo watakaouliza habari ya binti na mzee asiye maharimu wake. Tuliuliza. Alitujibu kwamba sheria ya dharura anaijua na ataitumia ikibidi, lakini kwa kazi hii mikono ya mke na mjukuu inatosha, yeye atatoa maelekezo. Tena wao ndio watakaobaki na mzee yeye akiondoka, basi wao ndio wajifunze.

Fundi seremala alitengeneza kiti kutokana na dawati kuukuu, chenye mgongo na mkono wa kuegemea, kimo chake kikiwa kile cha kamba, nyayo zikae bapa juu ya jiwe lenye mikwaruzo lisiloteleza. Mbele yake kikasimikwa kibuyu chirizi, kile kile tunachokiona nje ya vyoo vya shule: dumu la lita tano limening'inizwa, uzi, na kijiti cha kukanyaga. Mguu wa kulia ukikanyaga maji hushuka, na mkono wa kulia hubaki huru kuosha uso na kuunyanyua mkono mgonjwa uletwe chini ya maji.

Hapo kazi ikakwama. Mkono wa kushoto haufanyi kitu. Nani atausugua mkono wa kulia hadi kiwikoni? Binti akatugeukia. "Ustadhi, kusugua ni lazima?"

Tulihisi kama mwanafunzi aliyeitwa ghafla ubaoni. Tukamwambia kwamba kwa wafuasi wa Imamu Malik ni lazima, ama katika madhehebu yetu ya Shafii ni sunna. La wajibu ni maji yafike na kupita juu ya kiungo. "Na mguu wa kushoto ukitangulia wa kulia?" Tukasema udhu unasihi, maana kutanguliza kulia ni sunna, lisiloachwa ni mpango wa viungo vyenyewe, uso kabla ya mikono, mikono kabla ya kichwa, kichwa kabla ya miguu. Akaandika. Kisha akapanga: mkono wa kulia unyooshwe chini ya maji na kugeuzwageuzwa, mguu wa kushoto uoshwe wakati wa kulia ukikanyaga, na zamu ya mguu wa kulia ikifika, mzee akanyagie kijiti kwa bakora yake. Masomo yetu yote ya fikihi hayajapata kutumika kwa haraka namna ile.

Siku ya kwanza udhu ule ulichukua karibu dakika arobaini, na mzee alichoka akasali kwa kukaa. Alifundishwa na kanzu pia: mkono mgonjwa huingia kwanza na hutoka mwisho. Siku ya kumi na moja alituma mtu atuite. Tulimkuta kitini, ndevu zikichuruzika maji, kanzu imevaliwa upande kidogo, na mkewe amesimama mbali ameshika kiuno, akikatazwa kusogea.

Baadaye tulimuuliza binti kama masomo yake yote ni ya namna hii. Alicheka. Alisema ipo anatomia inayomkesha, yapo magonjwa ya akili, majeraha ya moto, watoto wa usonji. Na kwamba shirikisho lao la dunia linataka mwanafunzi atimize walau saa 1,000 za kazi chini ya uangalizi kabla ya kuitwa mtaalamu. Tukamuuliza kama anajutia ile shahada ya uzamili ya ng'ambo. Akasema hajaifuta, ila kwa sasa anataka kwanza kumaliza hii. Kuhusu barua yetu hakusema neno. Tulitaka kulianzisha sisi, tukashindwa, tukamuuliza hali ya hewa ya Moshi.

Mzee alifika msikitini Ijumaa iliyofuata kwa bodaboda, amefungwa kiunoni kwa kitenge pamoja na mjukuu. Akafika hadi mlangoni. Msikiti wetu una vidaraja viwili vya saruji, vya juu kiasi, visivyo na pa kushika. Vijana wakambeba. Binti, aliyekuwa upande wa wanawake, alimtuma mtoto kutuuliza nani aliyevijenga. Stakabadhi ya saruji ile ina saini yetu.

Kikao cha kamati ni Jumapili hii baada ya Alasiri. Ajenda ya pili ni kuvunja vidaraja na kujenga mteremko. Ya tatu ni ada ya mwaka wa mwisho wa binti, ambayo familia yake haijaimaliza kuilipa, na safari hii tumeandika maelezo yake sisi wenyewe, kurasa mbili, na jina la Imamu Ghazali limo. Kuna mjumbe ambaye amekwisha kusema atapinga. Mzee muadhini ametuma salamu kwamba anataka kuhudhuria na kuzungumza. Kwa kuwa chumba cha ofisi kina kizingiti kirefu, tumewaarifu wajumbe kwamba tutakaa nje, chini ya mwembe.