Miavuli ya Seronera

Serengeti niliijua kwa picha za kalenda tu: jua linazama, twiga amesimama, na mgunga umetandaza matawi yake mfano wa mwavuli. Kwa hiyo tulipoteremka kutoka ukingo wa Ngorongoro kuingia uwandani, macho yangu yalitafuta miti kabla ya wanyama. Sikuuona hata mmoja. Gari lilikata nyasi fupi, vumbi nyuma yetu, na kila upande nchi imelala tambarare mpaka inapokutana na mbingu.

"Vuta subira, mwanangu, miti iko mbele," alisema mzee aliyekuwa akituendesha. Sababu, alisema, iko chini ya magurudumu. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilimwaga majivu hapa kwa muda mrefu mno, na Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, haujazimika hadi leo. Chokaa ya majivu hayo imeganda ikawa tabaka gumu karibu na uso wa ardhi. Nyasi zinaridhika na udongo wa juu. Mzizi wa mti ukifika kwenye tabaka hilo hauna pa kupita.

Tulipita lango la Naabi. Kadiri tulivyoelekea Seronera udongo ulibadilika, nchi ikawa na unyevu zaidi, na migunga ikaanza kujitokeza, kwanza mmojammoja, kisha kwa makundi, mpaka bonde zima likawa limefunikwa na miavuli. Nilifurahi mno, nikamwomba mzee apunguze mwendo.

Kwenye sehemu ya kulia chakula, ambako inaruhusiwa kushuka garini, niliusogelea mmoja. Wamasai wanauita oltepesi. Tawi moja lina miiba ya namna mbili: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyopinda. Mirefu inachoma, mifupi inanasa. Twiga hajali, ulimi wake wa karibu sentimita 45 unapenya katikati na kuchuma majani madogo. Ndiyo maana upande wa chini wa mti umenyooka hivi: kila tawi linaloshuka hadi usawa wa mdomo wake linaliwa. Juu kabisa, kwenye ubapa ule, ndege aitwaye karani tamba hujenga tago lake.

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya ng'ombe. Karibu mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaua mifugo ya Wamasai na nyumbu wa porini. Ng'ombe walipochanjwa, katika miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 wakafika takriban milioni 1.3 kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Wakazila nyasi ambazo zamani zilibaki zikikauka, na moto wa kiangazi ukakosa kuni. Miche iliyokuwa ikiungua kila mwaka sasa ikapata nafasi ya kurefuka kuupita moto. Kwa maoni yangu, waliobeba sindano kwenda kwenye maboma ya wafugaji wana sehemu yao katika kivuli nilichokaa siku ile, na watalii wanaopiga picha miti hii wangepaswa kuelezwa hivyo.

Nilimwuliza mzee mbona miti mingi ina kimo kimoja. Alinijibu kwamba mingi iliota wakati mmoja, moto ulipopungua, na kwamba mche wa mgunga haustawi kivulini, hata kivuli cha mama yake. Mbegu inahitaji mchukuzi. Tembo na swala wanakula maganda yaliyojikunja, mbegu nyingine zinapita tumboni zikiwa nzima, na zinaangushwa mbali na mti, juani. Kando ya barabara alinionyesha miche ya kimo cha goti ndani ya nyasi, tayari ina miiba. Ikikaa miaka kadhaa bila moto mkali, alisema, itatoka.